Chupa Mbili za Profesa Ansaa

Kila asubuhi Pokuaa alikunywa uji wa mtama na bajia za kunde penye lango la hospitali, kisha akapanda ngazi mbio hadi maabara. Huko alivaa koti jeupe na glavu, akaanza kazi ambayo kila mgeni hupewa kwanza: kufuta chupa kwa spiriti, ili vijidudu visiingie nazo kwenye kabati safi la majaribio.

"Taratibu, bibie!" alimtania Dwumfuo, fundi wa maabara. "Hiyo si sufuria ya ugali wa banku."

Pokuaa alicheka. Ndio kwanza alikuwa amemaliza chuo, na hakuna kazi aliyoitaka kama hii. Mdogo wake alikufa kwa saratani ya tezi za limfu, ile inayovimbisha taya za watoto, huku majirani wakishikilia kwamba ni jino tu. Profesa Ansaa, mama mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa amepambana na ugonjwa huo zaidi ya miaka ishirini. Alitaka kuzifundisha seli za kinga, yaani askari wa mwili, kuzitambua seli za saratani na kuziua.

Sasa jaribio kubwa lilikuwa tayari. Chupa moja ilikuwa na askari waliofundishwa, nyingine wasiofundishwa. Madaktari wakuu kule Accra walisubiri matokeo ili waamue kama utafiti uendelee au ufungwe.

Tatizo lilikuwa kalamu. Ile ya maabara, isiyofutika kwa spiriti, ilikuwa imekauka wino, na Pokuaa kwa haraka zake aliziandika chupa kwa kalamu ya bei rahisi aliyoinunua soko la Kejetia. Alipopitisha kitambaa cha spiriti, maandishi yakatoka yote. Chupa zikabaki kama mapacha, kila moja na maji yake ya rangi ya waridi.

Dwumfuo alikuwa ametoka, na hakuna aliyeona. Akikiri, si atafukuzwa? "Ya kushoto ndiyo iliyofundishwa," alijinong'oneza. "Nadhani." Akaandika upya, akafunga mdomo.

Profesa alichanganya kila chupa na seli za saratani. Siku ya kutazama ilipofika, aliinama kwenye hadubini, akatazama za chupa moja, kisha za nyingine.

"Waliofundishwa wamelala usingizi," alisema hatimaye. "Wasiofundishwa ndio wameua. Basi nilikosea miaka yote hii."

"Mama Profesa, utawaambia nini Accra?" aliuliza Dwumfuo.

"Nilichokiona. Kwani niwaambie nini kingine?"

Pokuaa alimtazama mama yule akivua miwani na kufuta macho. Alijua kwamba akinyamaza, kazi ile itazikwa ikiwa hai.

"Mama, usiwaambie hivyo," alisema huku akilia. "Alama zilifutika kwa spiriti. Niliandika kwa kubahatisha. Mimi ndiye niliyeharibu."

Dwumfuo aliruka. "Haya! Kumbe ni ushindi! Tugeuze majina tu, mambo yamekwisha."

"Tunajua kwamba zilibadilishana, au tunataka iwe hivyo?" Profesa aliuliza kwa ukali. "Kubahatisha kumetutia shimoni, sasa tubahatishe tena ili tutoke? Tunarudia yote." Akamgeukia Pokuaa. "Na wewe ndiye utakayerudia, mwanangu. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Aliwaomba madaktari wa Accra wamvumilie, nao wakakubali kwa kunung'unika. Pokuaa alianza upya kabisa. Damu mpya ya kutolea seli za kinga ilipohitajika, alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa koti. Kila chupa aliiandika, na Dwumfuo akaikagua.

Siku ilipofika, Profesa alimsukumia hadubini. "Tazama wewe."

Pokuaa alitazama. Penye askari waliofundishwa, seli za saratani zilikuwa zimepasuka ovyo ovyo. Penye wasiofundishwa, zilikuwa zimenona tu.

"Wameua!" alipiga kelele. "Mama, waliofundishwa wameua!"

Profesa Ansaa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza, alitoka hadi ukumbini akicheza ngoma ya adowa, leso mkononi, wauguzi wakampigia makofi. Dwumfuo aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Walipoyapeleka matokeo Accra, daktari mmoja mzee aliuliza kwa nini wamechelewa. Pokuaa alisimama mwenyewe, akasimulia kosa lake mbele ya watu wote.

"Sasa nayaamini matokeo haya," alisema mzee yule. Na utafiti ukaruhusiwa kuendelea.

Walipotoka nje, Profesa alimshika bega.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Katika kazi yetu, mwanangu, anayekufa ni mtoto wa watu. Utakosea tena, maana wewe ni binadamu. Lakini ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka."