Gari Nililolikosa Yadi Zote Likanipigia Simu

Saa nne na robo asubuhi, milango ya gari ilijifunga. Mimi nilikuwa ndani.

Gari jipya, viti bado vina nailoni. Usukani alikuwa nao mwanamume aliyejiita afisa mauzo. Alinichukua nje ya geti la yadi.

"Kaka, yadi tumeiacha nyuma."

"Tulia dada, tunalijaribu kidogo."

Akakata kulia, akaongeza mwendo...

Ngoja niwaeleze. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Nilitaka gari la aina moja tu: sakafu ya chini, mlango wa kuteleza. Nilipekua tovuti za yadi zote, nikajaza fomu, jibu likawa lile lile: hakuna.

Kisha huyu afisa mauzo akanipigia. Analo!

Sikuipigia yadi kuhakikisha. Nilimwachia besti yangu ufunguo wa nyumba akae na Mama, nikatoka mbio.

"Mama ataingia vizuri na kiti chake," jamaa akasema sasa, macho barabarani.

Nikaganda. Kwenye fomu sikumtaja Mama popote.

"Nani kakwambia habari za mama yangu?"

Akakanyaga mafuta.

Simu yake ikaita. Ilikuwa imejiunga na spika za gari, ikajipokea yenyewe, sauti ikajaa kila kona:

"We, mzungushe mbali! Bibi kalala, ndio kwanza naanza kutoa vitu!"

Besti!

Jamaa akababaika kutafuta kitufe cha kuzima. Hakukijua.

"Besti," nikasema, "Mama yuko wapi?"

Simu ikakatwa.

"Thubutu kupiga kelele," jamaa akanong'ona.

Lakini sifa za gari lile nilikuwa nimezikariri: mlango wa mbele ukijifunga, vuta kishikio cha ndani mara mbili, unafunguka.

Kwenye tuta akapunguza mwendo. Nikavuta. Nikavuta tena...

Niliangukia bega. Mwenye pikipiki akanibeba, polisi nikawapigia njiani. Niliogopa kufika nyumbani kuliko nilivyoogopa ndani ya gari.

Mlango wazi. Televisheni haipo ukutani.

"Mama!"

"Punguza sauti, nipo."

Alikuwa koridoni. Kiti chake kimeegemea mlango wa stoo, breki zimefungwa. Nyuma ya mlango, mtu anagonga kwa ngumi.

"Si ulikuwa umelala?"

"Nilifumba macho tu. Tangu lini anayekuja kumwangalia mgonjwa akavua viatu ili asisikike? Kaingia stoo kutafuta maboksi, nikamfuata."

Baadaye polisi waliniambia gari lilikuwa la kukodi. Nailoni za viti walizivalisha matapeli wenyewe. Kwa hiyo, msomaji, gari ulilolikosa kila mahali likikutafuta lenyewe, piga kwanza namba iliyo kwenye tovuti ya yadi, si ile iliyokupigia.

Siku hiyo polisi walipoingia, Mama alifungua breki, akasogea pembeni.

Besti akatoka, viatu mkononi.