Utamu Kwenye Midomo ya Fundi

"Umekunywa soda."

Ndiyo salamu niliyompa mume wangu pale geti la kazini, hata mkoba sijautua. Nilikuwa nimembusu harakaharaka nyuma ya pikipiki yake, kama kawaida yangu nikitoka kazini, na utamu ukaninasa kwenye ncha ya ulimi. Haukuwa wa chai wala wa pipi.

"Nimekunywa maji," akasema, akanionyesha chupa yake. Midomo bado ilikuwa imelowa.

"Maji gani matamu hivyo?"

"Bibie, usianze."

Nilikuwa nimeshaanza. Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile, na mara mbili za kwanza nilinyamaza nikijipa moyo kwamba ni mawazo yangu.

Ngoja nijieleze, msije mkaniona mkorofi bure. Mimi ni muonjaji kwenye kiwanda cha soda. Nakaa mbele ya vikombe vidogo, naonja, natema, naandika. Miaka tisa sijawahi kuchanganya yenye sukari na isiyo na sukari, hata unifunge macho. Wiki tatu kabla ya siku hiyo walinipandisha, wakanihamishia meza ya utamu mkali, ule unaotiwa kwenye soda zisizo na sukari, tunauonja kabla haujazimuliwa kwa maji. Nilitembea kifua mbele, sitaki kudanganya.

Mume wangu ni fundi wa friji za maduka. Fundi ndiyo jina lake mtaani, hata mama yake mzazi anamwita hivyo. Siku nzima yuko katikati ya soda za baridi, na kila mwenye duka akishatengenezewa friji anamfungulia moja ya asante. Zamani alikuwa anakunywa tano, sita, za kawaida, na ukimpa maji anakwambia maji ni ya msibani, yeye hajafiwa. Mpaka daktari alipomkalisha chini akamwambia sukari ya damu imepanda, achague soda au macho.

Mimi nilishachagua kwa niaba yake, maana baba mkwe nilimuuguza mwenyewe. Mtu aliyekuwa anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, nilimwona anapapasa ukuta kutafuta mlango wa choo. Siku zake za mwisho alikuwa ananiuliza kama kumekucha, na jua limejaa chumbani. Sasa nikikuta mwanawe anafuata njia ileile, nicheke?

Mwaka jana nilifuma chupa ya soda ya kawaida imeviringishwa kwenye tambara, ndani ya sanduku lake la vifaa. Sikupiga kelele. Nilimwambia siku nikionja tena sukari mdomoni mwake nitaondoka, kwa sababu kumwona mtu anapapasa ukuta mara ya pili siwezi. Akaapa. Tangu hapo akawa mtu wa chupa moja tu isiyo na sukari, wakati wa chakula cha jioni, anainywa amekunja uso kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo.

Basi jioni ile tulifika nyumbani hatusemezani. Nikapekua sanduku la vifaa. Nikapekua mifuko, pipa la taka, chini ya kiti cha pikipiki. Nikanusa mpaka kofia. Hakuna kitu, na kukosa kitu ndiko kulikonizidishia wazimu, nikajiambia kumbe siku hizi amekuwa mjanja. Fundi akaleta kile kipimo chake cha damu, akajitoboa kidole mbele yangu. Namba ikatoka nzuri. Akataka kunionyesha na za mwezi mzima, zimo humo humo.

"Hicho ni kidude cha betri," nikamwambia. "Ulimi wangu unalipwa mshahara."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Mwaka jana ulikuwa nani?"

Nikachukua begi.

Nilienda kwa dada yangu, mtaa wa pili. Dada ni mtu wa soda ya kawaida asubuhi, mchana na jioni, na zile zisizo na sukari anaziita maji ya kuoshea sahani. Alinipokea vizuri, akanisikiliza, kisha akauliza kwa upole kama kweli nimeacha ndoa kwa sababu ya chupa. Nikasema si chupa, ni kaburi. Akaguna, akaenda kujifungulia yake. Nilimchukia kwa dakika kama kumi hivi.

Sikutulia nyumbani kwa watu. Naketi, nainuka. Nafungua friji yake, naifunga. Naosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Simu nikiiweka mbali naifuata, nikiishika naitupa kitandani. Kazini nikaomba wanibadilishie zamu nitoke kwa mlango wa nyuma, ili nisikutane naye getini. Ujumbe wake ulikuwa unaingia kila siku:

"Sijanywa. Rudi nyumbani."

"Naapa kwa macho ya marehemu baba, sijanywa."

"Chakula nimepika mwenyewe kimeungua. Sijanywa."

Huo wa tatu nusura unichekeshe, lakini nikajikaza. Siku ya nne ukaingia mwingine.

"Ni kweli nilikunywa. Soda tatu, dukani. Nimekosa, nisamehe. Rudi mke wangu."

Nilikaa sakafuni. Aminini msiamini, mpaka hapo kulikuwa na kisehemu cha moyo wangu kilichokuwa kinaomba niwe nimekosea. Kumbe ameapa kwa macho ya baba yake, yale macho niliyoyafuta mimi kwa pamba, na huku anajua anadanganya. Nikampigia mama mkwe palepale. Nikamwambia kila kitu, nikamsomea na ujumbe wenyewe. Mama wa watu akalia kwenye simu. Akasema Jumapili ukoo mzima utakaa, na kama mwanawe ameamua kumfuata baba yake, basi mimi nina ruhusa yake ya kwenda zangu. Kwa Fundi nikaandika neno moja: "Tumeachana."

Ijumaa nikaenda kazini kichwa kizito. Nikaonja vikombe vyangu kumi na viwili, kati ya kimoja na kingine natafuna kipande cha biskuti kavu isiyo na ladha, ndivyo tunavyofanya meza ile. Kuna na kanuni ya mwisho imebandikwa ukutani: ukimaliza kuonja, kaa nusu saa, usile, usinywe, usiguse kitu kwa ulimi. Hiyo mimi sikuwahi kuifuata. Nilikuwa na mume ananisubiri getini, na nilidhani ni mbwembwe za wazee wa maabara. Siku hiyo sikuwa na wa kunisubiri. Nilibaki nimekaa, miguu haitulii, koo limekauka, nikaona bora nikinge maji bombani.

Nikanywa funda moja, nikatema.

"Nani ametia sukari kwenye bomba?"

Bi Vikombe, msimamizi wetu, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza taratibu kwamba ule utamu mkali ukizidi unauziba ulimi. Ukigusa maji baada ya hapo, ulimi unazibuka, na maji yenyewe unayasikia matamu. Ndiyo maana ya nusu saa.

"Kila mgeni wa meza hii lazima alaumu bomba," akasema. "Mimi nilimlaumu mpishi wa chai."

Nikamuuliza kama lazima yawe maji mengi.

"Hata tone. Kwani vipi?"

Nilikuwa namwona Fundi pale getini na chupa yake ya maji, midomo imelowa. Nikakinga tena bombani kwa mkono, nikalamba. Tamu. Bi Vikombe alikuwa ananiita nikiwa nimeshafika ngazini, na koti la maabara mwilini.

Nilimkuta kwenye duka moja karibu na stendi, amelala chali nyuma ya friji kubwa iliyovutwa katikati ya duka, miguu tu inaonekana. Mwenye duka, mzee mmoja mwembamba, akaniangalia kisha akajifanya anapanga sabuni.

"Fundi."

Miguu ikatulia. Hakutoka.

"Hukunywa," nikasema. "Ni ulimi wangu. Ni ile meza mpya, nimeambiwa leo. Hukunywa hata moja."

Bisibisi ikawekwa sakafuni.

"Najua sikunywa," akasema kutoka huko chini. "Nilikuwepo."

"Sasa kwa nini ulikubali? Umeniandikia soda tatu. Kwa nini tatu?"

Akajisukuma akatoka, vumbi kichwani, akakaa ameegemea friji. Alikuwa amekonda kwa siku chache tu zile.

"Nilikwambia ukweli siku tatu, hukurudi," akasema. "Nikaona nijaribu uongo. Nilijua ukishanishika utakuja, hata kama ni kunigombeza. Tatu niliitaja ili ionekane ya kweli."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nimemfanya mtu mzima akubali kosa ambalo si lake, apate mtu wa kula naye.

"Nisamehe, mume wangu."

"Nimechoka kuonjwa, bibie. Najua unaogopa. Baba alikuwa baba yangu, na mimi naogopa kuliko wewe. Lakini kila jioni narudi kwako kama kikombe cha maabara, unatema, unaandika." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Unajua ni miezi mingapi sasa?"

Sikujua. Mimi niliyekuwa nahesabu kila kitu chake, hilo sikulihesabu.

"Kumi na moja," akasema. "Kumi na moja bila hata tone la soda yenye sukari. Humu humu madukani, wananifungulia, narudisha. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

Mwenye duka akasema bila kugeuka kwamba ni kweli, yeye mwenyewe amekataliwa mara nne, mpaka akadhani fundi anamdharau. Fundi akamwomba aendelee na sabuni zake.

Nikatoa simu. Akaniuliza nampigia nani, nikasema Jumapili haiwezi kufika hivi. Niliiweka spika, sauti ya wote, nikasimama katikati ya duka la watu na koti langu jeupe, na mama mkwe alipoitikia sikumzungusha.

"Mama, nilikuletea uongo. Mwanao hajanywa soda. Kosa ni langu, na ule ujumbe aliuandika kwa sababu nilimkimbia. Nitakuja kusema hivyo mbele ya ukoo, kwa mdomo wangu."

Upande wa pili nikasikia kiti kinavutwa.

"Nimemlaani tangu juzi," mama akasema taratibu. "Nimemwambia hana huruma na mimi. Yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Mpe."

Fundi akaipokea kwa mikono yake yenye mafuta, akaiondoa sauti ya wote, akaiweka sikioni. Sikusikia alichoulizwa.

"Kumi na moja, mama," akasema. "Hapana. Hata moja."

Akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, kichwa chini. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akanigeuzia mgongo, akarudi nyuma ya friji na simu yangu, asionekane na watu. Nikavua lile koti, nikaliweka juu ya kaunta, nikaingia huko huko nyuma nikakaa naye vumbini.