Koki ya Upande wa Kushoto

Koki ilikuwa imefunguliwa tena.

Hermenegildi aliifunga, akasikiliza mpaka tangi la choo likaacha kujaa. Kisha akatoka nje, akachungulia pipa lililokuwa likileta maji kwenye bomba hilo. Lilikuwa kavu. Hakuwa amelijaza tangu juzi.

Alikuwa mwalimu, mtu wa vipimo, naye aliishi peke yake katika nyumba ile ya Lipangalala tangu mkewe, Tekla, azikwe mwanzoni mwa masika ya 1956. Katika mwaka wake wa mwisho Tekla alipooza upande wa kulia. Alibebwa hadi choo cha shimo nyuma ya nyumba, akijifunika uso kwa aibu. Hermenegildi alimwahidi choo cha ndani. Vifaa vilifika kwa lori baada ya mazishi. Alijenga hata hivyo, ndani ya bafu la zamani, juu ya sakafu ya udongo.

"Koki iwe kushoto," alimwambia Severini, fundi bomba. "Shibiri moja kutoka chini."

"Kushoto? Mkono wako wa kulia una nini, Mwalimu? Watoto wa shule wanasema ni mzima kabisa."

"Weka kushoto."

Severini aliacha kucheka, akachimba kwenye kona ya kushoto ili apitishe bomba. Udongo wa pale ulikuwa laini, ukinuka sabuni.

Tangu hapo, kila alasiri alipotoka shuleni, Hermenegildi alikuta maji yakitiririka, na baada ya maji ikaja harufu ya tope la mto iliyochanganyika na ile sabuni, na baada ya harufu, mvua ilipozidi kupiga bati na majirani wote wakawa wamejifungia ndani, kikaja kikohozi, kifupi, cha mtu anayejizuia asisumbue, kikohozi cha Tekla, alichokuwa amekisikiliza mwaka mzima kupitia ukuta.

Alimwita mama mkwe wake, Balbina, kutoka Kisawasawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Balbina alikuwa ameshaiona kona. "Nani alikuruhusu kuchimba hapa?"

"Ni njia ya bomba, mama."

"Hapa ndipo tulipochimba kishimo, maji ya kumwoshea marehemu yakaingia humo. Hapafukuliwi. Tuliomwosha tupo, ungetuuliza."

Hermenegildi alishusha sauti. "Kwa hiyo ni yeye anayekohoa humu?"

"Mwanangu alikwenda na sakramenti zote. Hili ni jini la mtoni. Limeyanywa maji yake, likajifunza kikohozi chake. Likikuita, usiitike. Ukiitika, umelikaribisha."

Severini aliitwa. Alilikata bomba, akahamishia koki kulia.

"Mwalimu ameniambia. Si ndiko ulikotaka tangu mwanzo, fundi?" Balbina alimnong'oneza.

"Nilitaka, bibi. Lakini si kwa sababu kama hii."

Balbina alijaza kishimo kwa majivu na chumvi, akanyunyiza maji ya baraka. Severini akafunika kwa saruji. Kesho yake Balbina alirudi kwao.

Koki haikufunguka tena. Harufu ilikwisha. Nyumba ilinyamaza kiasi kwamba Hermenegildi alisikia kijiko chake kikigusa sahani, naye akaanza kubaki shuleni hadi jioni, akisahihisha madaftari aliyokwisha kuyasahihisha.

Jumapili moja, mchana, mvua ikinyesha, kitu kilikwaruza chini ya saruji ya kona ya kushoto.

"Mwalimu."

Sauti ilikuwa ya Tekla. Lakini Tekla hakuwahi kumwita Mwalimu hata siku moja. Kwake alikuwa Gildi, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Basi akajua, bila shaka yoyote, kwamba si yeye. Alisimama kwenye mlango wa bafu, mkono mmoja ukiwa ukutani, akikumbuka kila neno la Balbina, akiisikia mvua, na nyuma yake vyumba viwili visivyo na mtu.

"Mwalimu, uko wapi?"

Tangu mazishi hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Nipo," akaitika.

Koki ya kulia ikaanza kuzunguka, polepole.