Nusu Sauti Juu

Mpiga kinanda wa kanisa alisimama katikati ya soko, watu wakimpiga vikumbo, asisogee. Kwenye kibanda cha santuri za zamani ulikuwa unalia muziki wake mwenyewe, ule wa karne tatu nyuma anaoupiga kila Jumapili. Ila kinanda hakikuwamo. Violini zililia, tarumbeta zikajibu.

"Nani kawapa ruhusa?" akauliza.

Fundi gramafoni, penseli sikioni, akalitazama gauni lake la samawati. "Walishakufa, dada. Wasamehe tu."

Akacheka. Mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni simu:

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umenawa grisi?"

Fundi akanuia kupeleka posa kwa kina binti. Lakini Jumamosi moja, kibanda kimejaa wateja, binti akapuliza kifilimbi chake cha kupimia sauti. Santuri ile ilikuwa nusu sauti juu.

"Mashine yako inakimbia mno, ndiyo maana sauti inapanda," akasema. "Unawauzia watu uongo."

Fundi akaduwaa. Mashine ile aliitengeneza kwa mikono yake, na ndiyo iliyomlisha. Simu zikakatika siku tisa.

Baba mdogo wa binti, mwalimu wa kwaya, aliposimuliwa, aliweka kikombe chini. "Mwanangu, waliozigawia violini muziki wa kinanda, wapo walioupandisha nusu sauti makusudi, upate kung'aa. Mashine ya mwenzio ina kosa gani?"

Binti akainuka. Mungu amekataza kumshuhudia mtu uongo, naye alishuhudia hadharani.

Akakimbilia sokoni. Kabla hajafika akasikia wimbo wa harusi ukijikokota kama wa mazishi.

"Umeifanya nini?"

"Nimeipunguza kasi," fundi akasema bila kuinua macho. "Ili ikubaliane na wewe."

"Na wateja?"

"Sasa wanakimbia wao."

Machozi yakamlenga. Binti akawageukia watu wa sokoni. "Jamani, mashine hii ilikuwa sawa. Aliyesema uongo ni mimi."

Bisibisi ikamponyoka fundi.

"Irudishe kasi yake," binti akamwambia.

"Halafu tugombane tena?"

"Mimi ndiye nitakayepanda. Nitajifunza kuupiga nusu sauti juu, hata vidole viote sugu." Akashusha sauti. "Baba mdogo yuko nyumbani leo, kama bado una neno la kumwambia."

Fundi akatazama eproni yake iliyojaa mafuta. "Nikabadilishe nguo kwanza?"

"Njoo hivyo hivyo. Siku tisa zinatosha."