Zamu ya Swabir

Swabir na mkewe Yusra waliishi Ukunda. Swabir alikuwa mlinzi wa waogeleaji katika hoteli moja ya Diani. Zamu yake ilianza saa sita mchana. Hiyo saa sita ndipo alipokuwa akianza kujiandaa nyumbani.

"Umechelewa tena," Yusra alimwambia Jumanne moja.

"Hoteli iko hapo tu. Robo saa nimeshafika."

Akala taratibu. Akatafuta shati. Njiani akasimama kumsalimu rafiki. Alifika bwawani saa saba na nusu.

Mwenzake, Elkanah, alikuwa amesimama kando ya maji, mkoba begani. Alikuwa kazini tangu asubuhi. Lakini bwawa lenye watu haliachwi bila mlinzi, kwa hiyo alingoja.

"Samahani, ndugu yangu," Swabir alisema. "Unajua mambo ya barabarani."

Elkanah aliondoka mbio. Swabir akaona amekasirika bure.

Jioni Bi Twaiba alipiga hodi nyumbani kwa Swabir. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa ule.

"Shikamoo, Bi Twaiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka kwa Elkanah. Ameniomba niseme nawe. Unamjua binti yake, Gillian?"

"Yule mtoto mchanga mwenye plasta ngumu miguuni?"

"Huyo huyo. Alizaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani. Hali hiyo hutibika, hasa mtoto akiwahiwa. Kila Jumanne plasta hutolewa, miguu hunyooshwa kidogo, kisha hufungwa plasta nyingine. Mama yake yuko kazini Lunga Lunga, kwa hiyo baba ndiye humpeleka Msambweni. Kliniki hupokea watoto mpaka saa nane. Leo amekuta wamemaliza. Wiki iliyopita pia."

"Mbona hakuniambia?" Swabir aliuliza.

"Alikwambia. Ukamjibu inshallah."

Swabir aliinamisha kichwa. Alikumbuka.

"Mtoto anakua, plasta haikui," Bi Twaiba aliendelea. "Imeanza kumbana. Kesho nitampeleka ikatolewe; mpya hufungwa Jumanne tu. Lakini akikaa bila nyingine, miguu itaanza kupinda tena."

"Bi Twaiba, mimi sipendi kuchelewa. Najikuta tu nimechelewa."

"Kutoka hapa mpaka hotelini ni muda gani?"

"Robo saa."

"Na kungoja tuktuk? Kukaguliwa langoni? Kubadili nguo?"

Swabir alihesabu. Yusra akaongeza kuoga na kula. Jumla ilifika saa moja na nusu.

"Unaona? Wewe unahesabu tuktuk ikiwa mwendoni tu," Bi Twaiba alisema. "Saa sita ni saa ya kuwa bwawani. Anzia hapo, uhesabu kurudi nyuma. Na ukipata dharura ya kweli, piga simu mapema, mwenzako atafutiwe mtu."

"Basi chakula kitakuwa tayari saa nne na nusu," Yusra alisema.

Kesho yake Swabir alimwendea Elkanah. "Leo sina kisingizio," alisema. "Nimekukosea wewe na mtoto."

Elkanah alimtazama. "Asante kwa kusema. Lakini mimi nitaamini Jumanne."

Jumanne ilipofika, saa sita kasoro robo, Swabir alikuwa kando ya bwawa, amevaa sare. Elkanah alitazama saa yake mara mbili.

"Nenda," Swabir alimwambia. "Watu wote majini nawaona."

Mchana huo ulikuwa mrefu. Swabir alilinda waogeleaji, lakini moyo ulikuwa Msambweni. Alipotoka kazini jioni, alimkuta Elkanah langoni, Gillian mikononi.

"Tumewahi," Elkanah alisema. "Amefungwa plasta mpya. Wanasema hakuna kilichoharibika. Matibabu yataongezeka wiki tatu, basi."

"Alhamdulillahi," Swabir alisema. Akakaa kwenye jiwe la langoni.

Hakuchelewa Jumanne nyingine, wala siku nyingine. Zamani njia nzima alikuwa akitunga la kusema. Sasa alikaa kwenye tuktuk akitazama watu barabarani, na akifika alisalimu tu.

Siku plasta za mwisho zilipotolewa, Elkanah alimleta mtoto nyumbani kwa Swabir. Gillian alikuwa amevaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, vya kuzuia miguu isipinde tena. Elkanah alimvua kidogo ili waone.

Swabir alishika nyayo mbili ndogo, laini, zilizonyooka. Gillian akampiga teke la kifua.

"Ana nguvu," Swabir alisema, na wote wakacheka.