Nyumba ya Mbugani

Ndugu zangu, mliooa na mlioolewa, na nyinyi mnaopewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wenzenu, kaeni niwasimulie yaliyompata Ngassa Jilala wa Nyakasanga. Ni mambo ya kuchekesha, lakini yalikaribia mno kuwa ya msiba.

Nyakasanga ulikuwa mji mdogo kando ya njia ya malori yanayokwenda Geita. Watu walikuwa wameujia kutoka kila upande kwa sababu ya migodi na kiwanda cha kuchambua pamba: Wasukuma wenyewe, Wasumbwa, Wazinza, Wakurya na hata watu wa pwani. Ngassa alikuwa amefanya kazi ya unyapara mgodini kwa miaka tisa, akiamrisha wanaume thelathini. Alipoiacha kazi hiyo alikuja hapo kuchoma tofali. Alikuwa mtu mcheshi, mkarimu na mchapakazi. Alipenda watu, nao walimpenda.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, mwaka 1954, alikuwa amekaa uani akibangua karanga. Mkewe Melania alipepeta mtama karibu naye. Binti yao Klara, mwenye miaka tisa, aliimba wimbo wa shuleni na kuyakosea maneno kusudi ili baba yake acheke, na baba yake alicheka kila mara kama ndiyo mara ya kwanza. Chumba chao kilikuwa kimoja tu, katika tembe la udongo walilopanga pamoja na familia nyingine nne. Mvua ikinyesha, walihamisha kitanda mara tatu kabla ya asubuhi. Hata hivyo walikuwa na raha.

Ndipo tarishi wa Baraza la Mji akapita na kengele. Alitangaza kwamba kesho yake watu wote wakutane kwenye banda la mnada wa pamba, mume na mkewe, kwa maana Baraza lilikusudia kujenga nyumba arobaini za tofali na bati. Kodi yake itakuwa ndogo, hata mpagazi wa kiwandani ataiweza. Wakazi wenyewe watachangia nguvu zao, na zaidi ya nguvu watachangia mawazo, kwa sababu Baraza halikutaka kumjengea mtu nyumba ambayo hakuisemea neno.

Melania aliacha kupepeta. Akasema atakwenda.

"Utakwenda kufanya nini?" Ngassa akauliza. "Mimi nitakwenda kwa ajili yetu sote."

Alisema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya. Lakini angalieni, wasomaji wangu, hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Ngassa hakumpiga mkewe, hakulewa, hakumnyima chakula. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo wengi wetu tunalo: hakudhani kwamba mwanamke anaweza kujua jambo ambalo yeye halijui.

Kesho yake banda lilijaa wanaume. Maganga, mwenyekiti wa Baraza, aliuliza wake wako wapi, watu wakacheka, naye akaendelea na shughuli. Walichagua kamati ya wakazi, na Ngassa akawa mkuu wake. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua kiwanja. Kulikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa chini, mbugani, mahali tambarare karibu na barabara na maji. Ya pili ilikuwa juu ya kiwanda cha pamba, kwenye isanga, yaani udongo wa kichanga, lakini kutoka huko hadi kisimani ni mwendo mrefu. Athanas, kijana aliyetumwa na Baraza kusimamia ujenzi, alisema yeye ni mgeni, hivyo waijuao ardhi waseme. Ngassa akasimama na kusema mbugani. Mikono yote ikainuka.

Jioni alirudi nyumbani amefurahi, akampa mkewe habari. Melania akasema, "Baba Klara, ule ni udongo mweusi. Mimi nalima majaruba yangu ya mpunga pale pale. Kiangazi naingiza mkono mzima ndani ya ufa. Masika ule ufa unafunga, na ardhi inavimba kama unga uliotiwa hamira. Nyumba haitatulia."

"Nyumba si mpunga," Ngassa akajibu.

Melania alipojaribu kusema tena, Ngassa alimkatiza. Alimwambia kwamba kamati imekwisha kuamua, kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa, na kwamba akisikia maneno hayo yakisemwa kisimani atajua yametoka wapi. Melania akaenda kuosha vyungu.

Basi wakajenga nyumba ya kwanza, ya mfano, ili watu waione kabla ya kujenga zile nyingine. Nani angejua kwamba kazi inaweza kuwa sherehe? Wanaume walikanyaga udongo kwa ngoma, wakirusha majembe juu na kuyadaka kama wachezavyo wakulima wetu mashambani. Wanawake walipanga mstari kutoka kisimani wakipokezana ndoo na nyimbo. Hata Melania alibeba maji, tena bila kununa. Mwezi wa Oktoba bati lilipigiliwa, likang'aa hadi madereva wa malori wakasimamisha magari kulitazama. Kamati ikakubaliana kwamba Ngassa aingie humo na familia yake, aijaribu. Wiki nzima alikaribisha wageni. Aliwaonyesha mlango, akaufungua na kuufunga, akawaambia wajaribu wenyewe.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba. Baada ya siku nne mlango ulianza kugoma. Baada ya wiki moja ufa mwembamba ulitokea juu ya dirisha, ukashuka taratibu kama njia ya mchwa. Ngassa aliuziba kwa udongo asubuhi na mapema, akapaka chokaa juu yake. Athanas alipopita kuuliza hali ya nyumba, alijibiwa kwamba haijapata kutokea nyumba kama ile. Ngassa alimkataza Klara kusema shuleni. Melania hakuhitaji kukatazwa. Alikwisha kunyamazishwa tangu Juni. Nawaambia kweli, mtu aliyekataa kusikia halafu akaanza kuficha, huyo yuko hatarini mara mbili.

Jumamosi moja mchana mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Melania alikuwa majarubani na majirani zake wawili: Scolastika, mjane mwenye watoto watatu, na Bhoke, Mkurya mrefu mwenye nguvu, mke wa dereva wa lori. Ngassa alibaki ndani akishona kiatu, na Klara akifanya hesabu kwenye kibao. Ghafla nyumba ilitoa mlio, kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Vumbi la chokaa likamwangukia Klara kichwani. Ngassa alirukia mlango. Haukufunguka. Alivuta, akasukuma, ukabaki pale pale, kwa sababu ardhi ilikuwa imepanda na kuubana chini na pembeni. Alirudi nyuma hatua tatu ili aubomoe kwa bega.

"Baba Klara, usiuguse mlango."

Ilikuwa sauti ya Melania nje ya dirisha. Alikuwa anarudi kutoka majarubani na wenzake, jembe begani, akaona ukuta wa upande wa barabara umevimba kama shavu lenye jino bovu.

"Ukiupiga mlango, ukuta huu utawaangukia," alisema. "Mshike Klara mkono, mje hapa dirishani. Tembeeni polepole."

Mgodini Ngassa alikuwa ameamrisha wanaume thelathini, na hakuna hata siku moja aliyoamrishwa na mwanamke. Alitazama mlango, akamtazama mtoto wake aliyejaa chokaa kichwani. Kisha akafanya kama alivyoambiwa.

Dirisha lilikuwa dogo, lenye nondo za mti. Wanawake wale watatu walichimba pembeni mwa fremu kwa majembe yao, wakazing'oa tofali moja moja, Melania akiwaonyesha ipi ya kutoa na ipi ya kuacha. Klara alitoka kwanza. Ngassa alifuata, akanasa kiunoni, nusu ndani, nusu nje, mvua ikimpiga kisogoni. Bhoke alimshika mkanda kwa mikono miwili, akamvuta kama anavyovutwa ndama tumboni mwa ng'ombe. Wakaangukia matopeni wote wawili.

Hawakuwa wamefika mbali ukuta ulipolala ndani, na bati likaufuata. Kitanda, kibao na kile kiatu vyote vilifukiwa.

Ngassa alibaki amekaa kwenye matope, Klara mapajani mwake. Baadaye akasema, "Mama Klara, uliniambia."

"Nilikuambia," Melania akasema. "Sasa vua hilo shati, limelowa."

Scolastika ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Bhoke, kisha Klara, na mwisho Ngassa mwenyewe, akicheka na kulia kwa pamoja. Watu waliokuja mbio wakidhani wamekuja msibani walikuta familia nzima matopeni ikicheka.

Lakini mambo hayakuishia kwenye kicheko. Baraza liliitisha mkutano. Baadhi ya wajumbe walitaka bati lote lililobaki lipelekwe mji mwingine, kwa kuwa watu wa Nyakasanga walikuwa wameshindwa hata kuchagua kiwanja. Wengine walikuwa wamekwisha kumlaumu Athanas kwamba tofali zake hazikuiva. Athanas alikaa pembeni, ameinamisha kichwa, akijua kibarua chake kiko hatarini. Ngassa angeweza kunyamaza tu, na lawama ingempita.

Hakunyamaza. Alisimama mbele ya banda zima, suruali aliyoazimwa ikimfikia kwenye goti.

"Tofali hazina kosa, na kijana huyu hana kosa," alisema. "Niliambiwa tangu Juni kwamba ardhi ile haifai. Aliyeniambia anailima miaka sita. Nikamfunga mdomo kwa sababu ni mke wangu. Nikaona ufa, nikauficha. Mkitaka kunitoa kwenye kamati, nitoeni. Ila kabla hamjapeleka bati, msikilizeni yeye."

Melania, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanawake wengi kuliko waliowahi kuonekana pale, alisogea mbele. Alimwamkia Maganga shikamoo, akaitikiwa marahaba. Hakutoa hotuba. Alimwomba Athanas achimbe mashimo mawili, moja mbugani na moja kwenye isanga, atie maji, asubiri siku tatu, kisha Baraza lije litazame lenyewe.

Likaja. Shimo la mbugani lilikuwa limejifunga kwa kuvimba, na maji yamesimama juu yake kama kidimbwi. La kwenye isanga lilikuwa kavu, kingo zake zimesimama wima. Maganga aliuliza kuhusu umbali wa maji, kwa sababu wanawake ndio watakaoteka. Melania alijibu kwamba walikwisha kulizungumza hilo wenyewe kwa wenyewe: kisima kichimbwe kwanza huko juu, ndipo nyumba zianze. Scolastika naye akapata ujasiri, akasema jiko litengwe na vyumba vya kulala, upande usiotoka upepo, ili watu wasile moshi. Athanas aliandika yote, akiwa na uso wa mtu aliyeponyoka.

Kamati iliundwa upya, na safari hii kila nyumba ilileta watu wawili. Ngassa alibaki mjumbe wa kawaida. Mkuu akawa Melania. Wapo wanaume waliomtania Ngassa kwamba sasa ana nyapara wake nyumbani. Aliwajibu kwamba mgodini, kabla yeye mwenyewe hajawa nyapara, manyapara wake wote walikuwa wakali, na huyu angalau anampikia. Wakacheka, na utani ukaishia hapo.

Mvua zilipokatika mwezi wa Mei, walichimba kisima, na maji yalipatikana futi ishirini na tano chini, baridi na matamu. Siku hiyo hapakufanyika kazi nyingine. Ngoma ilipigwa hadi jua likazama. Tofali za ile nyumba iliyoanguka zilizofaa zilibebwa kichwani hadi juu, na Ngassa ndiye aliyebeba mzigo wa kwanza. Ujenzi ulikwenda kiangazi chote. Kufikia Oktoba 1955 nyumba arobaini zilikuwa zimesimama katika mistari mitano, kila moja na jiko lake uani.

Siku ya kugawa nyumba, Maganga alisoma majina kwa kura, na kila nyumba iliandikwa majina mawili, la mume na la mke. Nyumba ya kwanza ilimwangukia Scolastika, naye jina lake liliandikwa peke yake kwa herufi kubwa. Alipopewa ufunguo alikaa chini kizingitini, akawaambia watoto wake waingie kwanza wao, kwa sababu yeye miguu imemwisha. Wanawake walipiga vigelegele hadi ng'ombe wa jirani wakakimbia.

Jina la Ngassa na Melania lilitoka la thelathini na nane. Muda wote huo Ngassa alikuwa amesimama juani akiwapigia wenzake makofi, nyumba baada ya nyumba, mpaka viganja vikawa vyekundu. Walipoitwa, aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Akamgeukia mkewe, akamuuliza mbele ya watu wote, "Mama Klara, kitanda tukiweke upande gani?"

Melania aliitazama nyumba, akaanza kumweleza. Naye alisikiliza hadi mwisho.

FUNZO

Ndugu wasomaji, hadithi hii inatufundisha kwamba shauri la watu wote ni lile lililowasikia wote. Nusu ya mji ikifungwa mdomo, nyumba itajengwa kwa nusu ya akili. Mwanamume asidhani kwamba kumsikiliza mkewe kunampunguzia heshima. Ngassa aliheshimiwa zaidi siku aliyokiri kosa kuliko miaka yote aliyoamrisha. Na wewe uliyepewa uongozi, ukiona ufa usiupake chokaa. Useme mapema, wakati bado watu wako nje ya nyumba.