Nafasi Kiotani

Katika bonde la Usangu, vinasamwali, sahani kubwa za kunasa nishati, viligeuka vyote kwa pamoja, taratibu, kama shamba la alizeti, vikaelekeza nyuso zake angani. Huko juu, mbali kuliko mawingu, kilielea Kiota, kituo kikubwa mithili ya kata nzima, kikikusanya mwanga wa jua na kuushusha duniani kwa njia ya mwali. Mwali wenyewe haukuonekana kwa macho, wala haukumdhuru ndege aliyepita katikati yake. Ulipotua juu ya vinasamwali ndipo ulipogeuka umeme, na umeme huo uliendesha treni, ukawasha hospitali na kuchemsha chai katika kila nyumba kuanzia Mbeya hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Watoto waliozaliwa baada ya Kiota kuwashwa hawakujua maana ya kukatika kwa umeme.

Atupele Mwaipopo alikuwa mmoja wao. Siku hiyo alisimama kwenye jukwaa la wageni pamoja na baba yake, kwa kuwa wanafunzi waliofaulu vizuri walikuwa wamealikwa kutazama mitambo kabla ya kuchagua chuo. Mwenyeji wao alikuwa akieleza jinsi roboti zinavyosafisha vinasamwali, lakini mzee Ambilikile hakusikiliza. Alikuwa akimwambia mama mmoja asiyemjua kwamba mwanawe wa kwanza, Gwamaka, ni mhandisi huko juu, na kwamba binti huyu naye anamfuata.

Atupele hakuwa amesema kwamba anamfuata. Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali kusomea shahada ya teknolojia ya mifumo ya nishati. Kimoja kilikuwa Songwe, chuo cha zamani chenye karakana za mvuke wa ardhini, ambacho wahitimu wake hupelekwa vituo vidogo vya vijijini na hakuna anayewasikia tena. Cha pili kilikuwa chuo cha Kiotani kwenyewe, ambako wanafunzi hujifunza wakielea, mikono yao ndani ya mitambo inayolisha nusu ya nchi. Tangu utotoni alikuwa akiitamani nafasi hiyo. Kilichomzuia kujibu ni kaburi la mama yake. Walipomzika, Gwamaka hakushuka. Alisema kazi ilikuwa imembana, na Atupele hakumsamehe.

Waliporudi nyumbani, baba alikwenda kupiga plasta chumba alichokuwa akimjengea Gwamaka nyuma ya nyumba, kwa ajili ya siku atakayorudi. Atupele akajifungia sebuleni na kuwasha taswira-hai. Hewa ilitetemeka kidogo, kisha kaka yake akatokea mbele yake, mzima mzima kama mtu aliyeingia kwa mlango, blanketi limefunika miguu yake kama kawaida.

Gwamaka alifurahi. Alimweleza kuhusu maabara, kuhusu walimu, kuhusu dirisha ambalo ukichungulia unaona Ziwa Nyasa lote kama jani la mgomba. Atupele alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, bila kupandisha sauti, ni kazi gani iliyomzuia mtu kumzika mama yake.

Gwamaka akalitoa blanketi.

Miguu yake ilikuwa myembamba kama mikono ya mtoto.

Alimweleza pole pole. Mtu anayeelea miaka mingi mifupa yake hulainika na moyo wake husahau kusukuma damu dhidi ya uzito. Walipojiunga waliambiwa mashine za mazoezi zingewalinda, na wapo zilizowalinda. Yeye hazikumlinda. Rafiki yake Sekela, aliyesoma naye, ndiye aliyetangulia kushuka, na moyo wake ulisimama kabla hajatolewa ndani ya chombo. Wazazi wake waliambiwa ni ajali ya kutua.

"Kwa hiyo hutarudi," Atupele alisema.

"Sitarudi, mdogo wangu."

"Mama alijua?"

"Mama alinibana mpaka nikamwambia. Akaniomba baba asijue. Alisema baba akijua ataacha kujenga, na akiacha kujenga atakufa."

Atupele alimkumbuka mama yake akiwapelekea mafundi uji, akichagua rangi ya milango ya chumba ambacho alijua hakuna atakayelala ndani yake.

"Sasa wanasema wameboresha mashine," Gwamaka aliendelea. "Labda ni kweli. Nasi tuliambiwa hivyo." Alijifunika tena. "Nikisema sitaki uje nitakuwa mwongo. Sijamgusa mtu wa kwetu tangu ukiwa na meno ya utoto. Lakini usije, Atu. Nakuomba."

Alinyoosha mkono, naye Atupele akanyoosha wake, na vidole vyao vikapitana hewani bila kukutana.

Alijaza fomu ya Songwe siku iyo hiyo, kabla machozi hayajamkauka. Kisha akatoka uani kumwambia baba.

Mzee Ambilikile aliweka mwiko chini. Kwanza alidhani ni utani, kisha akaudhika kwa namna yake ya kimya. Alisema watu wanaililia nafasi hiyo hawaipati. Alisema Gwamaka yuko peke yake, na kama dada yake hamtaki, nani atamtaka. Aliposema hayo, Atupele aliona kwamba hawezi kubeba lawama hiyo maisha yake yote. Akamketisha juu ya mfuko wa saruji, akamweleza yote: mifupa, moyo, Sekela, miguu iliyo chini ya blanketi.

Baba hakulia. Alisugua saruji iliyokauka kwenye viganja vyake, akaendelea kusugua hata viganja vilipokuwa safi.

"Mama yako," alisema hatimaye. "Alijua?"

Atupele alimtazama. Miaka yote ile wazee wale wawili walikaa hapa uani jioni, baba akipanga jinsi watakavyokwenda kumpokea Gwamaka, mama akiitikia.

"Hapana, baba," alisema. "Hakujua."

Mzee akashusha pumzi, mabega yake yakalegea.

"Afadhali," alisema. "Basi alikufa akimngoja."

Atupele akaitikia kwa kichwa. Akainama, akaokota mwiko, akaenda kuuosha bombani.